Leza Vichochoroni: Kuipima Miji ya Mawe Kabla Haijaanguka

Upana wa chumba katika nyumba ya kale ya Lamu haukuamuliwa na mwenye nyumba. Uliamuliwa na mkoko. Boriti ya mkoko ikizidi urefu fulani huanza kunepa, na dari ya mawe na chokaa ni mzigo mzito. Kwa hiyo fundi alijenga vyumba virefu na vyembamba, ambavyo upana wake kwa kawaida hauzidi mita tatu. Mwenye mali aliyetaka fahari aliitafuta kwingine: kwenye orofa, kwenye zidaka za lipu nyeupe zilizopangwa ukutani safu kwa safu, kwenye mlango wa kuchonga ambao mpita njia hangeweza kuukosa.

Fundi wa nyumba hizo hakuacha karatasi. Alipima kwa shibiri, dhiraa na pima, na ramani ilikaa kichwani mwake mpaka ilipohamia kwa mwanagenzi aliyemsaidia kukoroga chokaa. Ukuta wa aina hiyo ukiporomoka, mawe ya matumbawe yanabaki pale pale chini, yamelundikana. Ila hakuna mahali pa kwenda kuuliza yalikaaje: dirisha lilikuwa juu kiasi gani kutoka sakafuni, ukuta ulipungua unene wapi, kichochoro kilipinda kwa sababu ya nyumba ipi iliyotangulia kujengwa.

Hapo ndipo leza inapoingia. Katika miaka 20 hivi iliyopita, vifaa vya kupimia majengo kwa mwanga vimefika katika miji na magofu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kilwa Kisiwani hadi Lamu na Kampala. Vimekuja na ahadi kubwa, baadhi yake ya kweli na baadhi yake ya watu wanaouza mashine.

Kifaa chenyewe hakitishi. Ni kisanduku kinachosimama juu ya miguu mitatu, chenye kioo kinachozunguka kwa kasi. Kinarusha mwali wa leza, mwali unagonga ukuta na kurudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita, sawa na popo anavyoitafuta dari ya pango kwa sauti yake. Tofauti ni kwamba popo anatumia sauti, na mwanga una haraka nyingine kabisa: katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde husafiri takriban sentimita 30. Ili kutofautisha lipu iliyotokeza milimita chache, saa iliyo ndani ya kisanduku lazima igawe sekunde katika vipande ambavyo akili haiwezi kuvipigia picha. Mashine nzuri za sasa hurudia kazi hiyo mara milioni moja hadi mbili kila sekunde, huku zikigeuka taratibu mpaka zimekiona kila kitu kilichozizunguka.

Kinachopatikana mwishoni ni nukta. Kila nukta ina mahali pake: umbali, upande na kimo. Ukizitazama mamilioni kwa pamoja kwenye kompyuta, zinajipanga na kuwa ukuta, ngazi, mlango, waya wa umeme, hata ukili wa jamvi lililoanikwa. Mkusanyiko huo wapimaji huuita wingu la nukta. Mtu anaweza kulizungusha, kulikata katikati kama anavyotaka, kutazama nyumba kutoka chini ya msingi, kupima unene wa ukuta kwa kubofya mahali pawili.

Ila kifaa kikiwa mahali pamoja hakioni nyuma ya nguzo. Kifaa kinahitaji kuhamishwa kutoka kituo hadi kituo, na hapa vichochoro vya pwani vinaanza ukaidi. Uwanja wa wazi kama Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu iliyokamilika mwaka 1821, unaweza kupimwa kwa vituo vichache. Usita wa Mui, njia kuu ya mji huo, ni habari nyingine. Kuta zimekaribiana, punda wanapita na mizigo ya mchanga na mawe, maduka yametundika kanga, ndoo na viatu mpaka nusu ya njia, na mahali pengine nyumba mbili zimeunganishwa kwa chumba kilichovuka juu ya njia, kile ambacho wenyeji hukiita wikio. Kila kona inataka kituo chake, na kila kituo lazima kione sehemu ya kile kilichotangulia, la sivyo kompyuta haitajua vipande viunganishweje. Punda anayekatiza huacha mchirizi wa nukta hewani, mzuka usio na miguu, na mtu wa kompyuta atatumia siku nyingi kumfuta. Vioo na mabamba yanayong'aa hudanganya mwali, ukarudi na chumba ambacho hakipo.

Kwa sababu hiyo mitaa myembamba sasa hupimwa zaidi kwa skana za kubebwa mkononi au mgongoni. Mpimaji anatembea, kifaa kinajitafutia mahali kilipo kadiri kinavyosonga, na mtaa wote unaingia ndani ya muda wa kunywa birika la kahawa. Usahihi unashuka kidogo. Badala ya milimita, makosa yanafikia sentimita moja au mbili. Kwa mchoro wa mtaa, sentimita moja si kitu. Kwa mchongo wa mlango ni kila kitu, na hapo hutumika njia ya pili, yaani picha.

Njia ya picha ni ya zamani kuliko umeme majumbani. Mwaka 1858 Mjerumani Albrecht Meydenbauer, akiwa kijana anayepima kanisa kuu la Wetzlar kwa mkono, aliponea chupuchupu kuanguka kutoka juu. Akajiuliza kwa nini mtu ahatarishe roho yake kwa utepe wa kupimia, wakati picha iliyopigwa kwa uangalifu inabeba vipimo ndani yake. Mwaka 1885 serikali ya Prussia ilimpa taasisi mjini Berlin, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na mabamba yake ya kioo yakafikia takriban 20,000. Vita vya Pili vya Dunia vilipobomoa mengi ya majengo hayo, mabamba yale yalikuwa bado yanapimika.

Leo kompyuta hufanya hesabu za Meydenbauer zenyewe. Unapiga picha nyingi za kitu kimoja, kila moja ikirudia zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia, na programu inatafuta alama zinazofanana: shimo la msumari, ufa, ncha ya ua lililochongwa. Kutokana na jinsi alama hizo zinavyohama kutoka picha hadi picha, inakokotoa kamera ilisimama wapi na kitu kina umbo gani. Kwa mlango wa Kizanzibari, wenye mnyororo uliochongwa ukizunguka fremu, mfaa katikati na misumari ya shaba, njia hii hutoa rangi, mikwaruzo na hata athari ya patasi, mambo ambayo leza peke yake huyapitia juu juu.

Afrika Mashariki ilipata somo lake la mapema kwenye nyayo. Wataalamu walipoamua katika miaka ya 1990 kuzifukia upya nyayo za kale za Laetoli, Tanzania, zenye umri wa miaka takriban milioni 3.6, timu ya Heinz Rüther wa Chuo Kikuu cha Cape Town ilizipima kwa picha kabla udongo haujarudishwa. Baadaye Rüther akaanzisha mradi unaobeba neno la Kiswahili, Zamani Project, uliopita katika maeneo ya kale ya bara zima: Lalibela, Timbuktu, Great Zimbabwe. Katika pwani yetu ulipima Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na baadhi ya majengo ya Lamu. Yeyote aliyewahi kujaribu kuzunguka Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14 lililo juu ya mwamba wa Kilwa, akajikuta amepotea kati ya kuta zinazofikia kiunoni, ataelewa faida ya kuliona lote kutoka juu, chumba kwa chumba, mpaka bwawa lake la pembe nane.

Leza haikuja kwenye uwanja mtupu, na hili husahauliwa katika vijarida vya miradi. Mwaka 1975 Usam Ghaidan, msanifu majengo mzaliwa wa Iraq aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alichapisha utafiti wake juu ya Lamu, nyumba zimechorwa kwa mkono. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Francesco Siravo na wenzake wa mfuko wa utamaduni wa Aga Khan walihesabu na kukagua majengo ya Mji Mkongwe wa Unguja, yapatayo 1,700, wakiandika hali ya kila moja, na kutoka humo ukazaliwa mpango wa hifadhi wa mwaka 1994. Kazi zile zilifanywa kwa utepe, penseli na miguu. Zina jambo ambalo wingu la nukta halina: kila mstari ulichorwa na mtu aliyeamua kwamba mstari huo una maana. Mashine haiamui. Inachukua ukuta wa karne ya 18 na dishi la televisheni kwa heshima ile ile.

Kuna wakati, hata hivyo, ambapo kutoamua ndiyo sifa. Mwaka 2009 timu iliyofanya kazi na CyArk, shirika la Marekani la kuhifadhi vipimo vya urithi, ilipima makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala. Mwanzilishi wa shirika hilo, Ben Kacyra, alizaliwa Mosul, Iraq, na ni mmoja wa waliobuni skana za kwanza za kubebeka katika miaka ya 1990. Sanamu za Buddha za Bamiyan zilipolipuliwa Afghanistan mwaka 2001, aliona kazi ya kifaa chake imebadilika, na mwaka 2003 akaanzisha CyArk. Timu ilipoondoka Kasubi hakuna aliyejua kwamba usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto ungeteketeza Muzibu Azaala Mpanga, jengo kuu la nyasi walimolala kabaka wanne.

Baada ya moto, vipimo vilikuwepo: kipenyo, kimo, mpangilio wa nguzo ndani. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka kumi hata hivyo, na UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023. Kwa nini muda mrefu hivyo, wakati umbo lilikuwa tayari kwenye faili? Kwa sababu paa la Kasubi linaezekwa na watu wa ukoo wa Ngeye, wenye haki na ujuzi huo tangu enzi, na pete zilizo ndani ya paa ni 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Faili ya kompyuta inaweza kuonyesha pete ilikaa wapi. Haiwezi kuifunga, wala haijui nani anaruhusiwa kuifunga na kwa mwiko gani.

Nchini Ufaransa walikutana na upande mwingine wa jambo hilo hilo. Andrew Tallon, profesa wa historia ya sanaa katika chuo cha Vassar, Marekani, alipima kanisa la Notre-Dame la Paris mwaka 2010 kutoka vituo zaidi ya 50, akapata zaidi ya nukta bilioni moja. Alifariki Novemba 2018. Aprili 2019 paa likaungua. Vipimo vyake, pamoja na vya wataalamu wa Ufaransa, vilitumika katika ukarabati mpaka kanisa likafunguliwa tena Desemba 2024. Tallon lakini hakupima kwa kuogopa moto. Alikuwa anataka kujua waashi wa karne ya 12 walifikiri nini, na katika nukta zake aliona nguzo zilizokuwa zimepotoka na mahali ambapo ujenzi ulisimama kwa muda ili udongo utulie.

Hapo ndipo thamani kubwa ya teknolojia hii ilipo, kwa maoni ya mwandishi huyu, na ndipo inapotumika kidogo mno kwetu: kulisoma jengo likiwa bado limesimama. Tukisubiri mpaka msiba, skana inakuwa mpiga picha wa mazishi.

Beit al-Ajaib ya Mji Mkongwe wa Unguja inatosha kuwa mfano. Sultani Seyyid Barghash aliijenga mwaka 1883 mbele ya Forodhani, kwa nguzo za chuma na baraza pana zilizolizunguka jengo katika kila orofa, ukubwa ambao boriti za mikoko zisingeuruhusu. Ilinusurika mizinga ya Waingereza ya Agosti 1896 iliyoharibu majumba jirani. Mwaka 2012 kona ya baraza zake ilianguka; mwaka 2015 sehemu ya paa ikafuata. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, upande wa mbele pamoja na mnara wa saa uliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Jengo la ukubwa huo haliamki asubuhi moja likaanguka. Ukuta unatoka nje polepole, nguzo inaacha kuwa wima, dari inanepa. Jicho halioni milimita tano za mwaka huu wala tano za mwaka ujao, hasa jicho linalopita hapo kila siku likienda sokoni. Skana inaona. Pima ukuta leo, pima tena baada ya masika, weka wingu moja juu ya jingine, na kompyuta itapaka rangi mahali palipohama. Huo ni uchunguzi wa kawaida kwa madaraja na mabwawa duniani. Kwa nyumba za mitaa ya Hurumzi au Sokomuhogo, zenye nyufa ambazo kila mpangaji mpya huziba kwa saruji, ungekuwa uchunguzi wa kuokoa maisha.

Saruji yenyewe ni funzo kuhusu mpaka wa kifaa. Ukuta wa matumbawe na chokaa unahitaji kupumua; unyevu unaopanda kutoka ardhini lazima utoke. Ukiupaka saruji, unyevu unanaswa ndani, na vichwa vya boriti vilivyopachikwa ukutani vinaoza bila mtu kujua. Leza husoma ngozi ya jengo tu. Itakuambia lipu imevimba, haitakuambia boriti imekuwa unga. Kwa hilo bado anahitajika fundi mwenye nyundo ndogo, anayegonga na kusikiliza, na mafundi wa chokaa wa namna hiyo wanazeeka.

Kisha kuna mtaa wenyewe, ambao si kuta peke yake. Baraza ya mawe iliyotokeza chini ya ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe inaweza kupimwa kikamilifu: urefu wake, kimo chake, jinsi ukingo wake ulivyolainika kwa makalio ya vizazi. Lakini mara nyingi skana huendeshwa alfajiri, kabla watu hawajatoka, kwa sababu watu ni usumbufu. Matokeo yake ni mji uliosafishwa wakazi. Jaws Corner, pale wazee na vijana wanapokunywa kahawa na kubishana siasa na mpira tangu asubuhi, inatokea kwenye kompyuta kama njia panda yenye viti vitupu. Ukimwonyesha picha hiyo mtu asiyepajua, ataisifu kwa utulivu wake.

Miradi inayojua kazi yake hutafuta dawa kwa kuambatanisha sauti. Ukibofya mlango, unamsikia mtu wa nyumba hiyo akieleza nani aliujenga, harusi ipi ilipita hapo, kwa nini dirisha la juu lilizibwa. Hili si pambo. Nyumba nyingi za pwani zilijengwa kidogo kidogo: binti akiolewa, chumba kiliongezwa juu, na wakati mwingine hiyo ndiyo sababu ya wikio kuvuka njia. Skana itaonyesha kwamba ukuta wa orofa ya pili si wa umri mmoja na wa chini. Bibi wa nyumba atasema ni harusi ya nani iliyouleta.

Na bibi huyo huyo ana haki ya kukataa. Nyumba ya Lamu ya mawe iliundwa ili mtaa usiione. Upande wa njia kuna ukuta mtupu. Mgeni hupokewa kwenye daka, ukumbi mdogo wa mlangoni wenye benchi pande mbili, na kutoka hapo njia ya kuingia hukunja kona ili jicho lisifike ndani hata mlango ukiwa wazi. Sasa anakuja mtu na kifaa kinachopima kila kinachoonekana kwenye mita 100, kinaandika kila kitu, na faili yake inaweza kufunguliwa na mtu yeyote popote duniani. Ndege isiyo na rubani ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa inatazama moja kwa moja kwenye kiwanda, ule uwanja wa ndani ambao wanawake wa nyumba hukaa bila kujifunika. Kenya na Tanzania zote zinataka kibali kabla ya kurusha vyombo hivyo. Kibali cha serikali, hata hivyo, si hodi. Timu zenye adabu huanza kwa mzee wa mtaa na imamu, huonyesha watu picha ya mfano, hueleza nini kitafutwa, na hukubali nyumba nyingine zibaki kuwa ukuta wa nje tu.

Nani aombwe ruhusa nalo ni swali lenye mizizi. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi ni za wakfu, nyingine za serikali, nyingine za warithi waliotawanyika kati ya Unguja, Muscat, Dubai na London, ambao hawajakubaliana hata juu ya kukarabati bomba. Mpangaji ndiye anayefungua mlango, ila si mlango wake.

Tuseme ruhusa imepatikana na mtaa umepimwa. Faili zinakwenda wapi? Nyingi zimekaa mbali: Cape Town, California, kwenye seva za kampuni kubwa. Mwaka 2020 CyArk na Google walitoa hadharani kazi iliyoonyesha Kilwa Kisiwani pamoja na maeneo mengine manne yanayosumbuliwa na mabadiliko ya tabianchi, na mtu mwenye intaneti nzuri anaweza kutembea humo akiwa kitandani Toronto. Mlinzi wa magofu Kilwa, ambaye bahari inaila ngome ya Gereza mbele ya macho yake, intaneti yake si lazima iwe nzuri. Faili ya mtaa mmoja inaweza kujaza diski nzima, na kompyuta ya kuifungua ina bei ya pikipiki mpya. Makubaliano ya miradi hii yanapaswa kutaja, kabla ya kisanduku kufunguliwa, nakala itabaki ofisi ipi ya hapa, kwenye kompyuta gani, na nani amefundishwa kuitumia.

Tena nakala ya kidijitali haikai yenyewe. Mwaka 1986 BBC iliadhimisha miaka 900 ya kitabu cha Domesday, sensa ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1086, kwa kukusanya picha na maelezo ya nchi nzima kwenye diski za leza. Haikupita miaka 20, mashine za kusomea diski hizo zikawa adimu, na ikabidi wataalamu wahangaike kuokoa yaliyomo. Kitabu cha ngozi cha 1086 kilikuwa bado kinasomeka. Kwa hiyo mhifadhi makini huhamisha faili kila miaka michache, hutumia miundo ambayo si mali ya kampuni moja, na hufanya jambo linalochekesha vijana: huchapisha michoro muhimu kwenye karatasi nzuri.

Uzuri ni kwamba bei inashuka na mikono inaongezeka. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, kwa msaada wa Benki ya Dunia, ilipiga picha Unguja na Pemba kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walikuwa miongoni mwa waliozirusha. Ramani iliyopatikana inaonyesha kila paa la Mji Mkongwe. Haionyeshi mitaa, maana kutoka juu vichochoro vile ni nyufa nyeusi kati ya mabati. Hiyo ndiyo sehemu iliyobaki kwa watu wa chini. Baadhi ya simu za bei ya juu zimekuwa na leza ndogo tangu mwaka 2020, inayofikia mita tano hivi, na programu za kuunganisha picha zipo hata za bure.

Hata simu ya kawaida inatosha kuanza na mlango. Chagua asubuhi yenye mawingu, jua kali huchora vivuli ambavyo kompyuta huvidhania ni sehemu ya mchongo. Omba ruhusa. Egemeza rula au kijiti cha urefu unaojulikana kwenye fremu, kwa sababu picha bila kipimo haijui kama mlango ni wa mita tatu au wa sentimita tatu. Anzia pembeni, piga, sogea hatua ndogo, piga tena, usizungushe simu ukiwa umesimama pale pale. Pita usawa wa magoti, kisha usawa wa kifua, kisha inua mikono kwa ajili ya kizingiti cha juu. Picha 60 au 80 si nyingi. Usitumie vichujio vya kupendezesha. Mwisho andika tarehe, jina la mtaa kama wenyeji wanavyoutaja, na jina la fundi aliyechonga kama kuna anayelikumbuka, kisha mwachie mwenye mlango nakala yake.